Nyumba Mpya Kando ya Hori: Mkulima Aangalie Nini

Ndugu mkulima, ikiwa shamba lako liko katika skimu ya Mtwapa, Ngerenya, Tezo, Roka au Gede, na mpaka wake wa chini unateremka kuelekea majini, makala haya yameandikwa kwa ajili yako. Wenye mashamba ya bara ndani nao wasiyapite, kwa maana udongo wao hufika huku chini kila masika, kama nitakavyoeleza.

Hori ni ule mkono wa bahari uingiao katika nchi kavu, ambao maji yake hujaa na kupwa kama ya bahari yenyewe. Pwani yetu inazo kadhaa. Siku hizi wanunuzi wa viwanja wanaitafuta sana ardhi ya kando yake. Sababu yao inaeleweka: kuna upepo, kuna kivuli, na maji huonekana mtu akiwa amekaa barazani. Mnunuzi huja na gari, husimama ukingoni, hutazama, na kabla hajamaliza dafu ulilomwangulia amekwisha kutaja bei. Mara nyingi bei hiyo ni kubwa kuliko mavuno ya korosho na mahindi ya miaka mingi. Tena hataki shamba zima, bali kile kipande cha chini tu, ambacho wewe hukilimi kwa sababu kina chumvi na mawe.

Karani wa kilimo hana haki ya kukuambia uuze au usiuze, maana shamba ni lako. Lakini yafaa ujue kwanza ni kitu gani hasa kinachouzwa, kwa sababu kile kipande cha chini si cha bure kama wengi wanavyodhani.

Tutazame hori ya Mida, kati ya Gede na Watamu. Ni hori ya kilomita za mraba zipatazo 32, nayo imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Ukisimama pale maji yanapokupwa, utaona msitu wa mikoko umejipanga kwa safu kama wanafunzi wakati wa gwaride. Mbele kabisa upande wa maji kuna mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, kisha muia na mkandaa, na karibu na nchi kavu mchu na kikandaa. Kenya ina jamii 9 za miti hii. Wazee wa Pwani waliijua kila mmoja kwa kazi yake, wakaipanga miti ya kujengea kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hata majumba ya mawe ya kale ya Lamu, upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti iliyopatikana msituni.

Nyuma ya mikoko kuna uwanja mtupu, mweupe kwa chumvi, usio na mti. Maji huufikia siku za bamvua tu. Huo ndio uwanja ambao mnunuzi huuona kuwa ni ardhi iliyotupwa, akaita malori ya kifusi. Naomba usimame hapo kidogo, maana watu wengi hukosea hapa.

Maji yanapokupwa ndege hula matopeni. Utamwona sululu mwenye mdomo uliopinda, vitwitwi kwa mamia ambao baadhi yao wametoka kaskazini kabisa mwa Urusi, na yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene ambaye chakula chake ni kaa. Huyo wa mwisho hutaga mayai ndani ya mashimo ya mchanga katika pwani na visiwa vya Uarabuni, pamoja na Omani, kisha huja kwetu kukaa miezi ya kaskazi. Mida ni mojawapo ya mahali pake pakubwa katika Afrika Mashariki. Sasa jiulize: maji yakijaa na matope yakafunikwa, ndege hawa waende wapi? Hawawezi kuogelea, wala wengi wao hawatui juu ya miti. Huenda kwenye uwanja ule mtupu wa chumvi, wakasimama pamoja kwa mguu mmoja wakingoja maji yapwe. Ukiujaza kifusi na kujenga ukuta, umewaachia meza ya chakula lakini umewanyang'anya kitanda, na kiumbe asiye na mahali pa kupumzika huhama hata kama chakula kipo tele.

Ukuta una dhara jingine. Mikoko huishi kwa maji ya bahari yaingiayo na kutoka. Miti hii imesimama katika matope yasiyo na hewa, kwa hiyo mchu na mlilana hutoa mizizi midogo inayosimama juu ya matope kama vidole ili kuvuta pumzi. Maji yakizuiliwa na ukuta, au vidole vile vikifunikwa kwa udongo, mti hukosa hewa ukafa ukiwa umesimama. Hakuna haja ya shoka.

Jambo hili limekwisha kutokea. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilibomoa udongo wa mashamba na vilima vya nyuma ya Mombasa, zikaumwaga katika hori ya Mwache. Mizizi ilizikwa na sehemu kubwa ya mikoko ikafa. Ule haukuwa udongo wa wajenzi peke yao. Ulikuwa pia udongo wa juu wa mashamba, ambao ndio chakula cha mahindi. Mkulima alipata hasara juu na mvuvi akapata hasara chini, kwa mvua ile ile moja.

Na mvuvi ni nani? Katika skimu zetu mara nyingi ni mtoto wako, au shemeji yako, au wewe mwenyewe baada ya kupalilia. Kamba na samaki wengi wa pwani hukaa utotoni kati ya mizizi ya mikoko, ambako samaki wakubwa hawawezi kuwafuata. Kaa wakubwa wa matope wanaonunuliwa na mahoteli huchimba mashimo humo humo. Chaza hushika kwenye mizizi. Akina mama wanaookota chaza na kuwauza barabarani hawana hati wala ramani ya mahali pao pa kazi, kwa hiyo mpimaji anapokuja na kamba yake hakuna anayewauliza.

Mzee mmoja mwenye shamba upande wa Roka alifika ofisini kwetu akiwa na ramani yake imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Aliketi, akasema: "Mwanangu, nimeambiwa nisiuze kule chini kwa sababu ya ndege. Je, Serikali yawajali ndege kuliko mtu?"

Bwana Shamba alikuwapo, akamjibu: "Mzee wangu, tuwaweke ndege kando kwanza. Kisima chako kiko wapi?"

Mzee akaweka kidole kwenye ramani, hatua chache juu ya mpaka wa chini.

"Na mnunuzi anataka kujenga nyumba ngapi?"

"Amesema 12."

"Kila nyumba ina vyoo viwili vya maji. Mashimo ya vyoo yatachimbwa wapi, na maji ya kunywa yatachimbwa wapi?"

Mzee aliitazama ramani kwa muda, kisha akaomba kikombe cha maji. Sisi sote tulicheka, naye pia akacheka, lakini hakutia sahihi wiki ile.

Msomaji, swali hilo la kisima ni zito, na nitalieleza kama mwalimu. Nchi yetu ya Pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, wenye matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha huzama ndani ya mwamba. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta maji matamu kidogo kidogo kwa ndoo, mvua ijayo hurudisha. Ukiweka pampu na kuvuta mchana na usiku, yale ya chumvi hupanda kutoka chini. Hesabu ya wataalamu inasema kuwa maji matamu yakishuka mita 1, ya chumvi yaweza hatimaye kupanda kiasi cha mita 40. Mchicha na nyanya hazitaki maji ya namna hiyo, na ng'ombe wa maziwa naye hupunguza maziwa. Kisima kikishaingia chumvi hakiponi kwa masika moja.

Mwamba huo huo wenye matundu hauchuji uchafu vizuri kama udongo unavyochuja. Kinachotoka katika shimo la choo husafiri haraka hadi kisimani au hadi kwenye hori, kutegemea mteremko. Mjenzi hupenda kuweka shimo mahali pa chini kabisa pa kiwanja ili mabomba yateremke vizuri, na mahali hapo ni karibu na mikoko. Ukanda wa vichaka na majani ulioachwa kati ya nyumba na maji ndio unaozuia sehemu ya uchafu na udongo visifike kwa haraka. Tena humlazimisha mjenzi apande juu, ambako aweza kuona vizuri zaidi hata hayo maji anayoyapenda.

Sasa tuje kwenye sheria, nami nitasema kwa ufupi kwa kuwa sheria ndefu huchosha.

Kwanza, mikoko yenyewe huwezi kuiuza. Misitu yote ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya Serikali mwaka 1932, na Katiba ya mwaka 2010 inasema kuwa ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Mtu akikulipa kwa ajili ya mikoko, amelipa kwa kitu ambacho si chako, naye kesho aweza kukuuliza fedha zake. Pili, kanuni za upimaji husema kuwa ardhi ya Serikali inapopimwa ili igawiwe watu, kando ya mto unaoingiwa na maji ya bahari huachwa ukanda usiopungua mita 30 juu ya alama ya maji kujaa. Ufuoni mwa bahari wazi ukanda huo kwa kawaida ni mita 60. Kwa hiyo itazame ramani ya shamba lako vizuri, maana huenda mpaka wako unaishia juu kuliko mahali unapofungia mbuzi. Na kwa vijito vya maji baridi vinavyoingia horini, kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinalinda ukingo wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kutoka pale mafuriko makubwa yalipofika.

Tatu, na hapa wengi wameumia. Kuuza ardhi ya kilimo bila kibali cha bodi ya ardhi ya eneo lako ni kazi bure. Maombi yapelekwe katika miezi 6 tangu mapatano yafanywe. Bila kibali mapatano huwa si kitu mbele ya sheria, na mnunuzi ana haki ya kukudai kila shilingi aliyokupa, hata kama umekwisha kuezekea bati. Mke au mume wako hana budi kukubali, ikiwa ardhi hiyo ni ya maisha yenu ya ndoa. Tena kama deni la skimu halijamalizwa, limalize au uliulizie kwanza.

Mjenzi naye ana mzigo wake. Atahitaji ruhusa ya serikali ya kaunti kwa kugeuza shamba kuwa makazi, leseni ya NEMA, yaani mamlaka ya mazingira ya taifa, na kibali cha mamlaka ya maji ikiwa atachimba kisima cha pampu. Kabla NEMA haijatoa leseni kwa kazi kubwa, wananchi hutangaziwa na kuulizwa maoni. Mwaliko huo ni wako pia. Usingoje wageni wa kutoka Nairobi waje wakusemee juu ya hori uliyoogelea utotoni. Andika barua, hata kwa Kiswahili cha kawaida, utaje kisima chako, njia ya wavuvi, na mahali maji ya bamvua yanapofika, kisha uipeleke kabla siku zilizotajwa katika tangazo hazijaisha.

Kuhusu bamvua, sikiliza jambo hili moja ambalo limesababisha ugomvi mwingi. Mnunuzi mjanja huja kupima siku za maji mafu, wakati bahari haipandi sana, akapigilia kigingi chake pale maji yalipoishia. Usikubali. Katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua kubwa yaweza kufika karibu mita 4, na katika ardhi iliyo tambarare tofauti ndogo ya kimo huwa hatua nyingi za ardhi. Pima siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na kama waweza kungoja, ngoja bamvua za Machi au Septemba ambazo ndizo kubwa kuliko zote. Nenda na mvuvi mzee, pamoja na jirani wa kila upande. Maji yakifika mwisho wake, pigilia vigingi kwa safu, kisha kutoka hapo pima mita 30 kupanda juu na upigilie safu ya pili.

Hesabu yake si ya kutisha. Ikiwa upande wako wa horini una urefu wa mita 100, ukanda wa mita 30 ni mita za mraba 3,000, yaani karibu robo tatu ya ekari. Na sehemu ya hiyo, au yote, huenda tayari si yako kwa ramani. Mnunuzi anayekataa kabisa kuacha kiasi hicho, mimi binafsi ningemwogopa katika mambo mengine pia.

Katika ukanda huo usilime, usichome moto, wala usifunge mifugo. Kama vichaka vya asili bado vipo, viache, kwa maana vinajua kazi yao kuliko miche ya kununua. Palipo wazi panda nyasi zenye mizizi mirefu kwa kufuata kontua, na juu yake chimba matuta ya fanya juu ili maji ya mvua yapungue mbio. Waruhusu wavuvi na akina mama wabaki na njia yao moja ya kushukia, iandikwe katika mapatano na ionyeshwe katika ramani. Nyumba zikishajengwa, njia ambayo haikuandikwa huzibwa kwa lango.

Mtaniuliza juu ya tumbili, na mna haki. Kichaka kikiachwa, tumbili na nguruwe mwitu watapata maficho, na mahindi yako yako karibu. Sitasema kwamba hasara hiyo haipo. Lakini tumbili hula zaidi pale ambapo chakula chake cha msituni kimekatwa, na nguruwe huingia shamba lililo peke yake kwa urahisi kuliko mashamba ya majirani wanaolinda kwa zamu. Yafaa kupanda pilipili au simsim karibu na ukanda, na mahindi na mihogo karibu na nyumba. Usitege sumu. Sumu haichagui, na kwazi au mbwa wako mwenyewe huwa wa kwanza kuila.

Wengine huuliza kama ukanda huo utawapa fedha. Fedha za mara moja kama za kiwanja, hapana. Lakini tazama Gazi, huko Kwale. Mikoko yao ilikatwa kabisa katika sehemu kubwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda, na kazi ya kuipanda tena ikaanza miaka ya 1990. Leo wananchi wa Gazi na Makongeni, kupitia Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 na kuuza nchi za nje haki za hewa inayosafishwa na miti hiyo. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Huko Mida, wageni hulipa ada kupita juu ya daraja la mbao kati ya mikoko ili watazame ndege, na ada hiyo husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vilivyo karibu. Huko Dabaso kikundi cha wananchi kinalisha wageni kaa katika banda lililosimama juu ya mikoko. Mizinga ya nyuki nayo hufaa sana, maana mchu una maua mengi, na nyuki ni askari asiyedai mshahara.

Kama mtaamua kupanda mikoko palipoharibika, kwanza mwone mtu wa Shirika la Misitu na kikundi cha wavuvi cha ufuo wenu. Nimeona sherehe nyingi za kupanda mikoko zenye hotuba na kofia, na baada ya miezi michache hakuna hata mche mmoja. Kwa kawaida kosa ni kuchomeka mche wa mkoko mahali pa mchu, au katika matope ya wazi ambayo hayakuwa na mti tangu zamani. Mara nyingi inatosha kuondoa kifusi na kufungua njia ya maji, kwa kuwa mkoko huotesha mbegu yake ikiwa bado juu ya mti, kisha huidondosha kama mkuki ikajipanda yenyewe.

Mkulima anayetaka kusaidiwa kupima ukanda wake na afike ofisi ya kilimo ya wadi yake siku chache kabla ya bamvua, akiwa na namba ya shamba, nakala ya ramani, na jina la jirani wa kila upande. Vigingi aje navyo mwenyewe. Vya mvinje vinafaa, lakini akija na vya mkoko tutamwuliza kibali cha kukatia.